Anayengojwa Nyumbani

Kuna wimbo mmoja ambao nimeuimba bafuni, nimeuimba kanisani wakati wenzangu wanaimba wa kitabu, nimeuimba kwenye matanga ya shemeji yangu, na siku moja nimeuimba mbele ya afisa wa forodha aliyekuwa ananiuliza swali la maana kuhusu kontena. Sikuutaka. Uliingia kupitia dirisha la ofisi yangu pale Malaba asubuhi moja na haukutoka tena. Aliyeuleta alikuwa mwanamke wa kuuza uji. Madereva walimwita Mama Uji, sisi wa ofisini tulimwita Mama Uji, na hata mchungaji wake alipomtembelea akiwa mgonjwa alimtaja kwa Mungu kwa jina hilohilo. Jina lake la kweli nililisikia mara moja tu, na nitafika hapo.

Kazi yangu ni klaringi. Napitisha makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na dirisha langu linatazama foleni. Miaka ile ninayoisema, foleni ya siku nzuri iliishia kwenye kona, na ya siku mbaya ilifika Amagoro na kuendelea. Madereva walilala ndani ya kabini, walifua nguo, walinyoa ndevu kwa vioo vya pembeni, walizozana na wake zao kwa simu. Kila asubuhi Mama Uji alianzia getini akaifuata foleni mpaka alipoishiwa. Alibeba jerikeni kichwani, imevikwa kipande cha blanketi ili uji usipoe, na mkononi kikapu cha vikombe vya bati. Alikuwa mfupi, mpana, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyechelewa lakini hataki mjue. Na alikuwa anaimba.

Uji wa moto, uji wa wimbi,
amka dereva, barabara ni ndefu,
kunywa kidogo, bakisha kidogo,
anayengojwa nyumbani ni...

Hapo alikata. Aligonga kikombe kwenye bampa la lori, akauliza, "Unakunywa ama unaangalia?" kisha akaanza upya kwenye lori lililofuata. Jina la anayengojwa hakulitaja kamwe.

Asiyepatwa na jambo hili anaweza kucheka. Mimi nilikuwa nasoma namba za kontena, na huku kichwani sauti inasema anayengojwa nyumbani ni, anayengojwa nyumbani ni, na hakuna wa kujibu. Nilifungua redio ili niufukuze. Nilipoizima redio, niliukuta umekaa palepale. Nilijaribu kujitungia mwisho wangu, nikatia jina la mke wangu, nikatia jina la mbwa, lakini kichwa kilikataa. Kilijua kwamba huo si mwisho wenyewe.

Madereva hawakuwa na shida hiyo. Kila mmoja aliamini kwamba anayengojwa ni yeye. Mnyarwanda mmoja mnene alitia jina lake kwa sauti ya kanisani, kijana wa Mombasa akatia la mchumba wake, na mzee mmoja aliyekuwa na lori bovu kuliko yote alitia jina la fundi wake wa gari. Foleni nzima ilicheka. Mama Uji hakucheka. Alikuwa anasikiliza kila mwisho kwa makini, kichwa ameinamisha upande mmoja, na dereva akimaliza anatikisa kichwa na kwenda zake.

Hatimaye nilimwita dirishani nikamlalamikia.

"Mama, hiyo wimbo yako inaniharibia kazi."

"Imeshika?"

"Imeshika vibaya."

"Asante kuniambia," akasema, na akanimiminia kikombe ambacho sikuwa nimeagiza. Kuanzia siku hiyo aliniita Ofisi. "Ofisi, bado iko?" Ndiyo ilikuwa salamu yake. Nami nilijibu kwamba bado iko, naye akaridhika kama mama anayeambiwa mtoto anakula vizuri.

Nilipenda ubishi, nikaanza kumhoji. Nilitaka kujua kwa nini wimbo wake unashika watu hivyo, na nyimbo za redio zenye magitaa na wasichana wa kuitikia zinapita tu. Hakuwa mtu wa maelezo. Ungeuliza leo, ajibu kipande wiki ijayo akiwa anaosha vikombe. "Wimbo tamu sana haishiki, Ofisi. Watu wanasikiza, wanasema ai, huyu mama anajua kuimba, wanaenda. Ya kushika ni ile mtu anaona hata yeye anaweza."

Siku nyingine alinionyesha kwa kutembea. Wimbo wake ulikuwa na urefu wa lori moja na trela lake. Alianza alipouacha mlango wa dereva mmoja, na alipofika mlangoni mwa dereva aliyefuata ndipo ulipokatika, ili maneno ya mwisho yamwangukie dereva na yasiliangukie tairi. Hakumwimbia dereva anayekula au anayezungumza. Alimpita kimya, akarudi baadaye. "Mdomo ikiwa na kazi, wimbo haina pa kuingilia," alisema. Aliyemtafuta ni yule aliyeegemea usukani, macho yapo mbele na hayaoni kitu, amechoka kungoja, amechoka kufikiri. Huyo alimwimbia mara mbili.

Nikauliza kama kuna dawa. Akasema iko, tafuna njugu. Lazima ziwe ngumu, zilizokaangwa, na utafune polepole mpaka taya lichoke. Nilidhani ananichezea. Nilinunua njugu nikajifungia ofisini nikatafuna, na wallahi wimbo ulinyamaza. Nilipomaliza njugu ulirudi. Kwa muda fulani nilinenepa kwa sababu hiyo, na mke wangu hakuniamini nilipomweleza.

Naandika haya kwa mzaha, lakini ukweli ni kwamba nilianza kumwogopa kidogo. Niliona kazi yake ikifika mahali ambapo mimi, na mihuri yangu yote, sifiki. Nilikwenda Kampala kwa shughuli za kampuni, na kwenye foleni ya benki mtu aliyekuwa mbele yangu akapiga mluzi wimbo wa Mama Uji. Alipofika penye pengo alinyamaza, akavuta pumzi, akaanza tena. Nilipita Nambale, nikamkuta mwanamke sokoni akipanga nyanya kwa mwendo uleule. Kisha nikaenda nyumbani Angurai kumwona mama yangu, ambaye magoti yake hayajamfikisha Malaba miaka mingi. Nilimkuta uani akiwatupia kuku mahindi, na alikuwa anaimba anayengojwa nyumbani ni.

"Mama, umetoa wapi hiyo?"

"Si hii ya boda boda? Wanaimba wakipita hapa." Akanitazama. "Mwisho yake ni nini? Mimi nauliza kila mtu."

Mwanamke mmoja anatembea kando ya malori na jerikeni kichwani, na mama yangu huko Angurai anakosa usingizi kwa ajili ya jina ambalo hajaambiwa.

Niliporudi Malaba nilimngoja. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, naye akajibanza chini ya paa la ofisi. Nikamwambia mama yangu anataka kujua mwisho, kwa hiyo leo atauimba hapo dirishani, na tuachane na mambo haya. Alifuta vikombe vilivyokuwa tayari vikavu. Kisha akaniambia habari za Taaka.

Taaka alikuwa binti yake wa pekee. Alimlea kwao Namboboto, halafu akahamia naye Malaba alipoachwa na mumewe, na binti akakua akimsaidia kuosha vikombe kando ya barabara. Alipokuwa msichana mkubwa alipendana na dereva wa masafa ya mbali. Mama Uji alikataa. Aliwapenda madereva kama wateja, aliwatetea mbele ya polisi, aliwachemshia maji ya tangawizi wakiwa na homa, lakini kama wakwe hakuwataka hata kidogo. Aliniambia aliwajua, kwa sababu alikuwa amewasikia wakiongea na wanawake wao kwa simu. Siku Taaka aliposhika begi, mama yake alimwambia akivuka mpaka asirudi kwake. Taaka alivuka. Baada ya muda laini yake ya simu ikawa haipatikani, na yule dereva akaacha kampuni yake, na hakuna aliyejua walikwenda wapi.

"Nilitangaza kwa redio," akasema. "Tangazo watu walisahau kabla ya habari ya mpira. Picha yake ikawekwa kwa ukuta, mvua ikaosha. Nikaenda mpaka Tororo mwenyewe, nikafika pale barabara inagawanyika, nikaona huku Kampala, huku Mbale, nikasimama. Nikarudi. Sasa nikajiuliza, ni kitu gani inaweza kuvuka hapa bila makaratasi, iende mahali sijui, na ikimfikia ajue ni yangu?"

Nilikuwa nimefanya kazi ya kuvusha vitu tangu ujana wangu na sikuwahi kufikiria swali kama hilo.

"Hiyo wimbo ni ya kumlaza mtoto," akaendelea. "Nilimwimbia hiyo akiwa mdogo. Maneno ya uji nimeweka juu. Lakini mstari ya mwisho ni yenyewe, na mwisho yake ni jina la mtoto."

"Basi si uiimbe yote, asikie vizuri?"

"Ofisi, tumia akili. Nikiimba mwisho hapa, kesho kila dereva anayo. Halafu mtu akikuja kuniimbia, nitajuaje imetoka kwa Taaka?"

"Lakini jina lake tayari umenitajia."

"Jina hata wewe unaweza kuimba. Kuna vile inaimbwa. Hiyo tunajua watu wawili."

Akajitwika jerikeni na kuondoka katika manyunyu, na niliposikia tena ule mstari ukikatika kwenye lori la tatu nilishindwa kufanya kazi. Nilikuwa nimedhani pengo lile ni hila ya biashara. Kumbe lilikuwa mlango alioacha wazi makusudi kwa ajili ya mtu mmoja.

Usidhani alikuwa mtu mpole wa kuhuzunikiwa. Alikuwa na mdomo. Aliwahi kumwambia bosi wangu mbele ya wageni kwamba tai yake inamkaba kwa sababu shingo imekataa diploma. Hakunywa uji wake mwenyewe hata kwa kuonja. Alisema hapendi wimbi, na alipoulizwa anajuaje umeiva alisema kwa kusikia mlio wa mwiko. Kanisani, ambako ungetegemea aongoze kwaya, alifungua mdomo bila kutoa sauti. Nilikaa nyuma yake Jumapili moja nikahakikisha. Nilipomuuliza akasema sauti yake ni ya barabarani, na Mungu anapita barabarani pia.

Mara moja tu niliona hofu usoni mwake, na ilikuwa wakati wa kampeni. Mgombea mmoja aliusikia wimbo, akaona watu wanavyouimba, akaupenda kwa sababu zake. Asubuhi moja gari lenye spika nne lilipita Malaba likiimba wimbo wa Mama Uji kwa kinanda, na pale penye pengo, mahali pale aliposhikilia miaka yote hiyo, wakatia jina la mgombea. Anayengojwa nyumbani ni mheshimiwa. Lilipita asubuhi, likapita mchana, likaenda Adungosi, likaenda Busia, likarudi.

Alikuja dirishani bila jerikeni. Sikuwahi kumwona bila jerikeni.

"Wameifunga," akasema. "Watu wakizoea huyo ndiye mwisho, wataacha kuuliza. Wakiacha kuuliza wataacha kuimba."

Nilitaka kumwambia wimbo ni wimbo tu. Sikuweza, maana hata mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimejikuta natia jina la yule bwana, na kichwa changu kilikuwa kimetulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. Alikwenda mpaka kwa lile gari akawaomba watoe jina. Walidhani anataka alipwe, wakamcheka. Basi akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alinyamaza. Msimu mzima wa kampeni alitembea foleni bila kuimba. Aligonga bampa tu, akauza vikombe vichache, akarudi nyumbani na uji uliobaki. Aliniambia hawezi kushindana na spika nne, ila spika hazina uvumilivu. Mgombea akashindwa uchaguzi, gari likapotea, na wiki mbili hivi baadaye niliposikia "uji wa moto" kutoka mbali nilitoka nje nikasimama mlangoni. Alipofika kwenye pengo akakata. Hakuna dereva aliyetia jina la yule mtu. Nilifurahi mno, na niliona haya kidogo kwa kufurahi kiasi hicho.

Kosa lingine lilifanywa na madereva wenyewe. Kwa kuwa alisikiliza kila mwisho kwa makini namna ile, habari ilienea kwamba Mama Uji ana shindano, na atakayepata mwisho sahihi atakunywa bure mwezi mzima. Nani aliyeanzisha sijui. Wakaanza kuleta miisho kutoka kila upande. Mmoja alileta mwisho wa Kikongo wenye maneno matamu sana. Mwingine alikuwa amelipia mwanamuziki wa harusi kule Mbale amtungie. Walipanga mstari, naye akawasikiliza wote akiwa amefumba macho, na wote walimalizia namna moja: sauti inashuka, inalala chini, wimbo umekwisha. Alitikisa kichwa. "Bado," alisema. "Bado, baba. Asante." Kila aliyejaribu alimpa kikombe cha bure, yeye ambaye asingekuongezea tone kwa urafiki. Nilimwambia wanamdanganya kwa ajili ya uji. Akasema anajua, lakini kila anayekuja kumdanganya lazima kwanza abebe wimbo.

Miaka ilienda. Mpakani mambo yakarahisishwa, makaratasi yakaingia kwenye kompyuta, na ofisi za nchi mbili zikakaa pamoja. Foleni ikafupika. Sisi tulishangilia. Mama Uji hakushangilia, kwa sababu dereva anayepita haraka hana nafasi ya kushikwa na kitu. Magoti nayo yakaanza kumsumbua. Aliacha kutembea, akajenga kibanda cha mabati karibu na geti, akaimbia palepale akiwa ameketi juu ya jerikeni iliyopinduliwa. Sauti ilikuwa imekwaruzika. Nilizoea kumpitia jioni kabla ya kwenda nyumbani, naye akaniuliza, "Ofisi, bado iko?" lakini sasa aliuliza kwa namna ya mtu anayetaka kuhakikishiwa, na mimi nikamjibu kwa nguvu zaidi ya zamani.

Halafu ikaja siku moja ya kawaida, saa za chai. Dereva Mganda aliingia ofisini kuchukua makaratasi yake. Alikuwa ametokea Juba, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu. Nilimwambia angoje kidogo. Akaegemea ukuta, akaanza kuimba kwa pua, na mimi nikaendelea kupiga mihuri kwa sababu wimbo ule ulikuwa kitu cha kila siku. Akafika kunywa kidogo, bakisha kidogo. Akafika anayengojwa nyumbani ni. Na hakukata. Aliimba jina, Nangira, na sauti haikushuka. Ilipanda, kidogo tu, mwishoni kabisa, ikabaki juu.

Mkono wangu ulisimama hewani na muhuri.

"Boss, umetoa wapi hiyo?"

"Hii? Si ya hapa kwenu, ssebo?"

"Hiyo mwisho."

"Ah. Hiyo nilitoa Elegu, pale mpakani na Sudan. Kuna maama wa chai. Mimi nilikuwa nangoja chai, naimba, nikafika pale inakatika. Yeye amenipa mgongo, anabembeleza mtoto. Akamalizia. Hakugeuka hata."

"Hakusema kitu?"

"Baadaye akauliza nani alinifunza. Nikamwambia Malaba, kuna maama wa uji. Banange, hapo ndipo akageuka. Akaniangalia mpaka nikafikiri nimekosea. Kisha akaniambia, ukifika, mwimbie yote."

Nilifunga ofisi nikiwa na wateja ndani. Nilimshika mkono mtu mzima nisiyemjua tukakimbia mpaka kibandani, na nilipofika sikuweza kusema ila, "Mama, sikiza huyu." Mama Uji alifikiri ni mshindani mwingine. Alichota uji kwa upawa, akafumba macho, akainamisha kichwa kama kawaida yake.

Dereva akavua kofia akaimba. Alipofika kwenye jina na sauti ikapanda, upawa ulisimama, na uji ukawa unamwagika polepole juu ya meza bila yeye kuona.

"Rudia."

Akarudia.

"Jina si yake," Mama Uji akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jina si yake, lakini hiyo ndiyo yenyewe. Huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa maama wa chai kule Elegu, nyabo, yeye ndiye aliimalizia. Msichana. Anamwita hivyo hivyo, Nangira."

Aliketi. Alituambia Nangira ni mama yake mzazi, aliyezikwa Namboboto wakati Taaka alikuwa bado tumboni. Kwao, mtoto mchanga akilia sana bila sababu, wanamtajia majina ya waliokufa mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Ndiyo maana wimbo unapanda mwishoni, akasema. Unamuuliza mtoto: ni wewe? Kwa hiyo huko Elegu, mbali na kila mtu, Taaka alikuwa amebeba mtoto anayelia, akamtajia watu wa kwao, na alipofika kwa bibi yake mwenyewe, Nangira, mtoto akanyamaza. Msichana aliyeambiwa asirudi alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa.

Nililia pale kibandani na sikujificha. Dereva alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Yuko mzima?" Mama Uji akamuuliza.

"Mzima. Chai yake nzuri sana."

"Anaweka tangawizi?"

"Mingi, nyabo. Inachoma."

"Basi ni yeye."

Nikatoa simu. Dereva alisema hapo Elegu kuna duka jirani ambalo lina namba, tunaweza kuitafuta mara moja. Mama Uji akauweka mkono wake juu ya simu yangu. "Simu hapana. Nilimfukuza kwa mdomo. Wacha niende na miguu."

Hakwenda kwa miguu, bila shaka, magoti yasingemruhusu. Alimngoja yuleyule Mganda arudi na mzigo wa saruji wa kupeleka Juba. Makaratasi yake ya kuvuka aliyashughulikia mwenyewe. Alikataa nisimame naye dirishani, akasema mtu hapelekwi kuomba msamaha na klaringi. Asubuhi ya kuondoka alikuja na gunia dogo la wimbi, jerikeni tupu na kitenge kipya. Tulimsukuma mpaka kabini, mimi na madereva wawili, naye akitugombeza kwa kumshika vibaya.

Habari ilikuwa imeenea foleni nzima. Lori liliposogea kuelekea geti, mmoja alianza nyuma kabisa, uji wa moto, uji wa wimbi, na wengine wakaupokea, lori kwa lori, wengine wakipiga honi penye mapigo. Ulikuja mbele ukikua. Nilisimama mlangoni kwangu nikasikia sauti za watu wa nchi nyingi zikisema kunywa kidogo, bakisha kidogo. Zikafika kwenye mstari wa mwisho. Na pale ambapo miaka yote kila mmoja alitia jina lake, la mchumba wake, la fundi wake, hakuna aliyetia kitu. Wote walinyamaza kwa pamoja. Kizuizi cha geti kilikuwa kimeinuka, na hakuna aliyesogea.

Mama Uji akatoa kichwa dirishani. Nilidhani ataimba Taaka, au Nangira. Aliimba jina lake mwenyewe, lile la kitambulisho, ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia, kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, na mwishoni sauti ikapanda. Alikuwa anauliza kama anayengojwa sasa ni yeye. Kisha lori likaingia darajani.

Tangu siku hiyo wimbo haujanijia wenyewe. Nikiutaka lazima niuanze mimi, kutoka mwanzo.